Mgagani Wangu wa Kwanza

Siku mavyaa wangu anaondoka kurudi Kisii tulisimama mlangoni tukiagana, akanitia mkononi ncha ya leso kuukuu iliyofungwa fundo. Nikadhani ni pesa za mtoto, nikaanza kukataa kama adabu inavyotaka. Akanikunja vidole juu ya lile fundo. "Hiyo ni chinsaga," akaniambia. "Panda, mwanangu. Nyumba yenye mzazi haikosi chinsaga." Ndiyo mboga ambayo baadaye nilikuja kuijua kwa jina la Kiswahili: mgagani.

Fundo nililifungua usiku, mtoto keshalala. Mlikuwa na mbegu kiasi cha kijiko kimoja cha chai, nyeusi zinazoelekea kijivu, ndogo kuliko punje za wimbi. Nikaibandika moja kwenye ncha ya kidole na kuisogeza karibu na taa. Mbegu ya mchicha ninaijua, ni laini na hung'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Hii ilikuwa na mikwaruzo mwili mzima, nayo imejikunja kama kigamba cha konokono mdogo kabisa. Nilikaa nayo muda mrefu. Nilikuwa sijapata kupanda mboga yoyote maishani mwangu, sembuse mboga ambayo wiki saba nyuma sikuijua hata sura.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Kisauni. Mboga za nyumbani kwetu zilikuwa mchicha, kisamvu, majani ya kunde, matembele, na sukumawiki iliyotujia kutoka bara ikakaa. Nikaolewa na Mkisii, na katika miaka miwili ya ndoa nilimsikia mume wangu akiitaja chinsaga kama mtu anavyomtaja ndugu aliye mbali. Akiona sahani ya mchicha husema ahsante, hula, kisha hunyamaza kidogo. Sikujua alikuwa akilinganisha na nini.

Mavyaa alifika wiki mbili baada ya kujifungua kwangu, mwezi wa Novemba. Alikuwa amesafiri usiku na mchana, na mapajani amebeba furushi la majani yaliyofungwa kwa jani la mgomba, ambalo alilinyunyizia maji njia nzima lisinyauke. Mama yangu mzazi alikuwa ameshashika jiko: uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku mchana. Nilikuwa na hofu. Mabibi wawili, jiko moja, na mjukuu wa kwanza. Mavyaa aliomba sufuria tu, na maziwa.

Alikaa kwenye mkeka akachambua mboga, jani moja moja, mabua akayaweka kando. Harufu yake ilinishtua. Ni kali, ina ukaribu na haradali, na hukaa vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Mama yangu aliokota jani moja, akalinusa, akamwambia kwa upole, "Hii kama ile inayoota kando ya reli." Mavyaa akajibu, "Huota popote, mama. Kazi ni kuijua." Maneno hayo yalinipita siku ile.

Akayachemsha kwa maji na chumvi kidogo, muda mrefu kuliko tunavyochemsha sisi mboga yoyote. Akamwaga maji kiasi, si yote. Kisha akatia maziwa, akapunguza moto, akaacha mpaka maziwa yakashikana na majani na kuwa mazito. Nikadhani imeiva. Akafunika sufuria akaiweka kando: italala. Asubuhi akaipasha moto, akaongeza maziwa tena, ndipo akanipakulia pamoja na ugali wa wimbi.

Tonge la kwanza lilikuwa chungu. Nilimeza kwa heshima. Uchungu wenyewe haukukaa kooni. Ulikuja ukapita, nyuma yake ukaja ukali mdogo wa haradali puani, na nyuma ya huo utamu wa maziwa. Siku ya kwanza nilikula kwa sababu yeye alikuwa ananitazama, na siku ya pili kwa sababu kililetwa. Siku ya tatu niliuliza mwenyewe kama imebaki. Mavyaa hakusema kitu, lakini nilimwona akitazama chini na kutabasamu.

Kwao mwanamke aliyejifungua hulishwa mboga hii ili damu irudi na maziwa yashuke. Hayo ni ya wazee, na mimi nayaheshimu. Ninachojua kwa hakika ni kwamba majani haya yana madini ya chuma na kalisi kwa wingi, na vitamini A na C, ingawa hiyo C hupungua sana kwenye kuchemsha kwa muda mrefu. Vidonge vya chuma nilivyopewa kliniki niliendelea kuvimeza vyote, na mavyaa ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

*

Januari ile ile nikapanda. Nyuma ya nyumba tunayopanga pana kipande cha mchanga na mawe ya matumbawe, upana wa vitanda viwili. Huwezi kulima pale. Nikanunua mitungi saba ya mafuta ya lita 20 kwa muuza chupa, mume wangu akaikata ubavuni kwa kisu cha moto na kuitoboa chini. Nikajaza mchanga wetu pamoja na samadi ya mbuzi niliyoipata kwa gunia moja kutoka kwa mzee anayefuga karibu nasi. Nikatawanya nusu ya zile mbegu, nikazifunika kwa udongo kidogo sana, nikanyunyiza maji kwa kopo nililolitoboa matundu. Kila asubuhi baada ya kumnyonyesha mtoto nilitoka naye begani kwenda kutazama.

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili yakaota majani fulani, nikafurahi nikampigia picha mume wangu kazini, kumbe ni magugu yaliyokuja na samadi. Wiki ya tatu nilikuwa nimeanza kuona haya. Kila mavyaa alipopiga simu kuuliza hali ya mjukuu, nilijibu kila kitu ila hilo. Nilihisi nimepewa amana nikaiharibu. Nikaenda duka la pembejeo mjini, nikanunua pakiti yenye picha ya mmea wenyewe, nikapanda hiyo ili akiuliza niwe na cha kumwambia. Katika mtungi mzima ikatoka miche miwili, mmoja ukaliwa na kuku wa jirani.

Mwishowe nikamwambia ukweli. Akaniuliza swali moja: "Ulipanda lini?" Nikamwambia wiki aliyoondoka. Akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu, hizo nilizivuna Novemba, nikija huko. Zilikuwa hazijalala."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mbegu ya chinsaga ikitoka kwenye ganda haiamki, hata uipe maji na mbolea gani. Sharti ikae kavu, gizani, msimu mzima. Yeye huifunga kwenye kitambaa na kuiweka darini juu ya jiko, na hapandi mbegu ya mavuno ya juzi. Alidhani najua. Kwao kila mtoto wa kike anajua, na halikumjia wazo kwamba ni jambo la kusemwa.

Baadaye nilikuja kusoma na kukuta wataalamu wa kilimo wanasema vilevile: mbegu mbichi za mmea huu huota kwa shida, na zikihifadhiwa kavu kwa miezi mitatu hadi sita huota vizuri. Ukifikiri, ni akili kubwa. Mbegu hudondoka mvua zinapokatika. Ingekuwa inaamka papo hapo, mche ungekutana na kiangazi na kufa kabla haujazaa. Basi inalala mpaka mvua nyingine. Mimi nilikuwa nimeiamsha kwa nguvu katikati ya kaskazi, jua la Januari la Mombasa, na yenyewe ikakataa.

Nusu iliyobaki nikaifunga tena kwenye fundo lile lile. Nikaandika tarehe kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya kabati la nguo.

*

Wakati wa kungoja ndipo nilipokwenda soko la Kongowea siku moja kununua ndizi, nikapita upande wa mama zetu wa Kwale wanaoweka mboga chini kwenye magunia, mafungu mafungu. Katikati ya fungu la kunde na fungu la mchicha nikaiona. Majani yenye vidole vitano, vijiua vyeupe nchani, harufu ile. Nikasimama kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini.

"Mama, hii ni chinsaga?"

"Hiyo sijui. Hii ni mwangani."

Akaniambia huichuma yenyewe kandokando ya shamba la mahindi mvua zinapoanza, na nyingine huipanda. Hupikwa pamoja na mboga nyingine ili uchungu ugawanyike, kisha hutiwa tui. "Wewe si wa hapa?" akaniuliza. Nilishindwa kumjibu haraka. Mimi ni wa hapa, na bibi zangu ni wa hapa, na mama yangu alikuwa amesema wazi kabisa kwamba huota kando ya reli. Majina mgagani na mwangani yalikuwa katika Kiswahili siku zote. Nilisubiri iletwe kwa basi kutoka Kisii, wakati Wadigo wa ng'ambo ya kivuko na Wagiriama wa Kilifi wanaila.

Tangu hapo nimekusanya majina yake kama watu wanavyokusanya stempu. Wakisii husema chinsaga, Waluhya tsisaga, Wajaluo akeyo au dek, Wakalenjin saget, Wakikuyu thageti, Wakamba mwianzo. Zimbabwe huitwa nyevhe. Mmea ukiwa na majina mengi hivyo, ujue kila aliyeupa jina aliwahi kuupika. Na bado shuleni kwetu, katika somo la kilimo, nilifundishwa kabichi na karoti. Mgagani sikumbuki kuusikia.

Hapa sina budi kumtaja Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Amezifanyia utafiti mboga za asili kwa miongo kadhaa, wakati wengi walizihesabu kuwa magugu au chakula cha maskini. Ameeleza kwamba utotoni mwili wake ulikataa vyakula vya protini ya wanyama, basi akakua kwa mboga hizi za kwao magharibi mwa Kenya. Mwaka 2014 alitunukiwa Medali ya Edinburgh kwa kazi hiyo. Arusha nako kipo kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa chenye benki ya mbegu za mboga za Kiafrika, mgagani ukiwamo. Na mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kurudisha vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Nilisoma hayo usiku nikinyonyesha, simu mkono mmoja, nikafurahi sana kwamba kuna watu waliozipigania hizi mboga kabla mimi sijazijua.

*

Mwanzo wa Juni nikafungua fundo. Mara hii nilichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisianguke zote mahali pamoja, nikachora mistari kwa kijiti, kina cha nusu kidole, nikafukia kidogo. Siku ya sita asubuhi palikuwa na vijani viwili viwili, vya kijani kilichopauka, vimesimama mstari mzima kama wanafunzi wa chekechea. Nilimwita mume wangu kutoka bafuni. Alitoka na povu, akachuchumaa, akasema tu, "Zimeota." Hatukuwa na la kuongeza.

Miche ilisongamana, kwa hiyo nikafanya kama nilivyoona watu wakifanya na sukumawiki: nikaing'oa mingine na kuihamishia mitungi isiyo na kitu. Kufika jioni ilikuwa imelala chini yote. Niliinywesha, nikaitengenezea kivuli kwa gunia, haikuinuka hata mmoja. Mavyaa kwenye simu: "Chinsaga haihamishwi. Mzizi wake ni mmoja, unashuka chini moja kwa moja. Ukiukata umekata roho." Nilikwenda nikaangalia moja ya ile iliyokufa, na kweli, mzizi mmoja mrefu kama uzi, pembeni karibu hauna kitu, na ncha imekatika. Nikapanda mbegu upya kwenye mitungi ile mingine, na miche iliyozidi nikaing'oa pole pole kila baada ya siku chache na kuitia sufuriani. Ile laini ya kung'olewa ndiyo tamu kuliko zote, haina uchungu wa kusema uchungu.

Wiki ya nne ndipo nilipoupenda mmea huu kweli. Jani lake ni kiganja: vidole vitano vinavyoanzia mahali pamoja, kimoja kirefu katikati. Shina lina rangi ya zambarau iliyofifia, limejaa vinyweleo vinavyonata. Ukipitisha vidole unahisi kama umegusa karatasi ya gundi iliyokauka nusu, na ile harufu inapanda. Vidukari vidogo nilivikuta vimenasa pale, vimekufa. Mavyaa aliniambia zamani walitandika chinsaga penye kupe wa ng'ombe, nami nilidhani ni imani, kumbe watafiti waliupima mmea huu na kukuta kweli kupe wanaukimbia. Lakini si wadudu wote. Kuna vidogo vyeusi vinavyoruka ukivigusa, hivyo vilitoboa majani matundu kama ya sindano. Niliwanyunyizia jivu asubuhi umande ukiwapo, wakapungua.

Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia, nililiona mwenyewe kwa kuwa kila siku nilikuwa pale na mtoto. Majani hufuata jua. Asubuhi viganja vyote vimeelekea baharini, adhuhuri vimetazama juu, jioni vimegeukia bara. Mtungi mmoja nilikuwa nimeuweka chini ya kivuli cha mwarobaini kwa kuuhurumia, na huo ndio uliodhoofika, mashina marefu membamba, majani machache. Nikautoa juani, baada ya wiki mbili umebadilika. Mgagani hutumia jua kwa namna ile ya mahindi na muwa. Joto linalomfanya sukumawiki wa Mombasa anyauke mchana, kwa mgagani ni heri tupu. Anachokichukia ni maji yanayotuama. Ndiyo maana ya matundu chini ya mtungi.

*

Kosa langu la tatu lilikuwa la mapenzi. Mwezi wa Julai mtoto aliugua kifua, siku nne nzima nikawa sikumbuki mitungi. Niliporudi udongo ulikuwa mkavu mpaka umejitenga na kuta za mtungi, na nusu ya migagani ilikuwa imetoa maua. Nayo ni maua mazuri mno! Kichala cheupe chenye wekundu wa mbali, na kila ua limetoa nyuzi ndefu nje kama masharubu ya paka. Jioni nilikuta nyuki wawili. Sikuwa na moyo wa kuyakata. Nikayaacha, nikayapiga picha, nikamtumia mavyaa kwa fahari.

Jibu lake lilikuja kwa sauti ya kwikwi ya simu mbovu: "Kata! Kata leo!"

Mgagani ukipata dhiki ya maji au ukibanwa mizizi huharakisha kuzaa. Ukishatoa maua, nguvu zote huenda kwenye maganda, majani huwa madogo, magumu, machungu. Ukikata ncha mapema, matawi hutoka ubavuni na unaendelea kuchuma. Nilikata siku ile, nikiwa na huzuni kidogo, na kweli baada ya siku kumi kila shina likawa na vichipukizi vinne vitano. Nikawa nachuma kila wiki hadi Septemba. Maua niliyoyakata niliyatia ndani ya glasi ya maji juu ya meza ya kulia, na yalikaa siku tatu.

Kuhusu kupika, nimejaribu njia zote mbili mara nyingi, kwa hiyo naweza kusema ninachokiamini. Kwa maziwa ni bora siku ya pili, na siku ya tatu ni bora zaidi. Siku ya kwanza maziwa na majani bado ni wageni. Kwa tui inataka kuliwa siku ile ile, na ichanganywe: fungu moja la mgagani kwa mafungu mawili ya mchicha au kunde. Chemsha mgagani kwanza peke yake, mwaga maji kiasi, ndipo utie tui la pili, kitunguu na nyanya, na mwisho kabisa tui la kwanza, na usifunike. Lile tui la kwanza likitiwa mapema hukatika, na mafuta yake yakitengana uchungu huja juu tena. Mume wangu anakula ya tui bila kunyamaza. Lakini ya maziwa anaifuta sahani kwa tonge la mwisho, na mimi sikasiriki.

*

Niliacha maganda kwa ajili ya mbegu, nikajiona nimehitimu. Nilichagua ile migagani iliyotoa maua mwanzo, maana ilikuwa imeshazeeka na majani yake hayafai tena. Ile mizuri, mirefu, yenye majani mapana, niliendelea kuila hadi ikaisha. Nilivuna, nikakausha, nikalaza mbegu kwenye fundo miezi yote iliyotakiwa, nikapanda Aprili mvua za masika zilipoanza.

Zikaota vizuri. Lakini wiki ya nne, kabla sijachuma hata mara mbili, maua. Sikuwa nimezikosesha maji. Samadi ilikuwapo. Nikahesabu, karibu kila mgagani ulikuwa na ua ukiwa na urefu wa kiwiko tu.

Mavyaa alikuja mwezi uliofuata kumwona mjukuu akitembea. Alisalimia, akanywa chai, akaomba nimpeleke nyuma. Akapita mtungi hadi mtungi, mikono mgongoni. Hakusema kitu mpaka alipofika wa mwisho.

"Mbegu ulitoa kwenye zipi?"

Nikamwambia.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunilaumu. Alizungumza polepole, kama mtu anayetafuta maneno ya Kiswahili kwa jambo alilolijua kwa Kigusii maisha yake yote. "Ulikula zile nzuri, ukaziacha zenye haraka zizae. Sasa watoto wana haraka kama mama zao." Yeye, akasema, kila msimu huchagua mashina mawili matatu yanayochelewa kutoa ua na yenye majani mapana, na hayo hayagusi hata kama nyumba haina mboga. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Ile mbegu aliyonifungia kwenye leso ilikuwa imechaguliwa hivyo miaka mingi kuliko umri wake.

Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimeivuruga kwa msimu mmoja kazi ya wanawake ambao majina yao hata siyajui. Nadhani aliona, kwa sababu alinyanyuka akaomba uzi. Nilikuwa na uzi mwekundu wa kushonea. Akazunguka tena mitungi yote, akainama kila mmoja, akagusa majani kwa upande wa nje wa vidole, na katika mtungi wa tano akakuta mashina mawili ambayo hayakuwa na ua. Akafunga uzi kwenye kila moja, fundo legelege ili shina linenepe. "Hizi si mboga," akasema. "Hata nikija mimi, usinipikie."

Alikaa siku kumi na mbili. Usiku mmoja alimwonyesha mama yangu namna ya kulaza chinsaga na maziwa, na mama yangu akamwonyesha namna ya kukamua tui la kwanza bila kutia maji mengi. Mavyaa alisema tui ni maziwa ya mti. Mama yangu aliyapenda maneno hayo, hadi leo huyarudia kwa majirani.

*

Ninaandika haya mwaka mmoja baada ya siku ile ya uzi. Mbegu za yale mashina mawili zililala kwenye fundo kuanzia Julai, nikazipanda mvua za masika mwaka huu. Wiki ya sita ilipita bila ua katika mitungi minne kati ya saba. Mwenyewe nimefunga nyuzi tatu, baada ya kumtumia mavyaa picha za kila shina na yeye kukataa mawili niliyoyachagua, kwa sababu majani yake yalikuwa na vidole vyembamba.

Sasa hivi maganda ya yale matatu yanageuka manjano. Ni marefu na membamba kama ya choroko, yamesimama pembeni mwa shina. Wakati wa kuyachuma ni asubuhi na mapema, umande ungali, maana jua likipanda maganda yaliyokomaa hupasuka yenyewe na kumwaga kila kitu. Leo nilichuma tisa nikayaweka kwenye sinia. Binti yangu, ambaye ana miaka miwili na nusu, alichukua moja nyuma ya mgongo wangu, akalibana. Likapasuka mkononi mwake, akastuka, akatazama vile vijipunje vyeusi vikidondokea mchangani kati ya mitungi.

"Mama, zimeanguka."

Nikamwambia aziache, zinalala.